Bwana mpole bado ni bwana

Februari 1513, mjini Florence, mwanamume wa miaka 43 alifungwa mikono nyuma ya mgongo. Kamba ikapitishwa kwenye kapi darini, akavutwa juu mpaka nyayo zikaacha sakafu, kisha akaachiwa aporomoke na kukwama ghafla kabla hajafika chini. Mateso haya hayakati ngozi wala hayamwagi damu; mabega ndiyo hubeba mzigo wote, na mara nyingi huteguka. Walimfanyia hivyo mara sita. Kosa lake ni kwamba kijana mmoja aliyekuwa akila njama dhidi ya Medici, ukoo uliokuwa ukiutawala mji, alidondosha karatasi yenye majina ya watu, na jina lake lilikuwamo.

Hakukiri, maana hakuwa na cha kukiri. Vijana wawili vinara wa njama walikatwa vichwa. Yeye alibaki korokoroni hadi Machi, pale Giovanni de' Medici alipochaguliwa kuwa Papa Leo wa Kumi, mji ukalipuka kwa shangwe na wafungwa wakafunguliwa. Hebu tazama namna alivyotoka. Hakuna hakimu aliyetamka kwamba huyu hana hatia, wala aliyemwomba radhi kwa mabega yake. Alitoka kwa sababu wakubwa walikuwa na furaha wiki ile.

Mtu huyo ni Niccolò Machiavelli, ambaye jina lake leo ni tusi: ukimwita mwanasiasa kwa jina hilo umemwita mjanja asiye na utu. Inachekesha kidogo kwamba mtu anayelaumiwa kwa kuwafundisha watawala ukatili ndiye aliyening'inizwa na watawala.

Tukibishana vijiweni kuhusu viongozi, swali letu la kwanza huwa lile lile. Ni mtu mzuri? Anamcha Mungu? Anawahurumia wanyonge? Ni swali halali. Lakini lipo la pili, ambalo huwa tunalimeza ndani ya la kwanza bila kujua: akiamka vibaya kesho, ni nini kitamzuia asinifanye atakavyo? La kwanza ni swali la maadili, la pili ni la uhuru. Sehemu kubwa ya fikra za siasa za Ulaya, tangu Machiavelli hadi Mapinduzi ya Ufaransa, ni jitihada za kuyatenganisha maswali hayo mawili. Wapo waliofanikiwa. Wengi walishindwa, na baadhi yao waliua watu kwa dhamiri safi kabisa.

Kabla ya kamba, Machiavelli alikuwa mtumishi wa umma kwa miaka 14. Florence iliwafukuza Medici mwaka 1494 ikawa jamhuri ya kweli kweli, na mwaka 1498 ikampa yeye ukuu wa ofisi ya pili ya makarani wa serikali. Alitumwa kwa wafalme na mapapa, akaandika ripoti usiku kucha, akalalamika kuhusu posho kama mtumishi yeyote wa serikali. Alianzisha mgambo wa wakulima kwa sababu hakuwaamini askari wa kukodiwa. Mwaka 1512 mgambo wake ulitimua mbio mjini Prato mbele ya jeshi la Wahispania, Medici wakarudi, na yeye akafukuzwa kazi.

Katika safari zake aliona jambo moja ambalo halikumtoka akilini. Cesare Borgia, mwana wa Papa, alikuwa ameteka jimbo la Romagna lililojaa ujambazi. Akamweka msaidizi wake Ramiro de Lorqua alinyooshe, na Ramiro akalinyoosha kwa ukatili mpaka watu wakamchukia. Asubuhi ya Desemba 26, 1502, wakazi wa Cesena waliamka wakaukuta mwili wa Ramiro uwanjani umekatwa vipande viwili, pembeni kipande cha gogo na kisu chenye damu. Machiavelli alikuwa mjini siku hiyo kama mjumbe wa Florence. Baadaye aliandika kwamba watu waliona mandhari ile wakaridhika, na papo hapo wakapigwa na bumbuwazi. Maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja yanatisha: kuridhika na kupigwa bumbuwazi. Borgia alikuwa amewapa watu haki waliyoitamani, na wakati huo huo amewaonyesha kwamba anaweza kumfanyia yeyote kitu kile kile.

Baada ya gereza alijichimbia shambani kwao Sant'Andrea in Percussina. Tunajua alivyoishi kwa sababu alimwandikia rafiki yake Francesco Vettori barua maarufu ya Desemba 10, 1513. Mchana anabishana na wakata kuni, anakwenda klabu ya kijijini kucheza karata na mwenye klabu, mchinja nyama, mwenye kinu na wachoma chokaa wawili, wanagombania senti mpaka sauti zinasikika kijiji cha pili. Jioni anarudi nyumbani, mlangoni anavua nguo zenye tope, anavaa mavazi ya ikulu, kisha anaingia maktaba kuzungumza na watu wa kale. Anawauliza kwa nini walitenda walivyotenda, nao, kwa ubinadamu wao, wanamjibu. Kwa saa nne hasikii njaa wala haogopi kifo. Kutokana na mazungumzo hayo, anamwambia rafiki yake, ametunga kijitabu kuhusu utawala wa wafalme.

Kijitabu hicho kilichapwa mwaka 1532, miaka mitano baada ya kifo chake, na mwaka 1559 Kanisa Katoliki likakiweka kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Ili kuona kilichowaudhi watu, anza na Cicero, Mroma ambaye kila mtoto wa shule wa enzi ile alimkariri. Cicero alisema dhuluma ina njia mbili, nguvu na hila. Ya kwanza ni tabia ya simba, ya pili ni ya mbweha, na zote mbili hazimstahili binadamu. Machiavelli akachukua wanyama hao hao akageuza somo: mtawala lazima ajue kuwa simba na mbweha pia, maana simba hajui kukwepa mitego na mbweha hana ubavu mbele ya mbwa mwitu. (Kwetu hila angepewa sungura, na tungemshangilia.) Anayetaka kuidumisha dola, akasema, ajifunze namna ya kutokuwa mwema, kisha aitumie elimu hiyo au asiitumie kadiri ya mahitaji.

Wengi hupita haraka hapa. Machiavelli hakusema ubaya ni wema. Ukatili aliendelea kuuita ukatili, uongo aliuita uongo. Alichosema ni kwamba kuna maadili ya mtu na kuna kazi ya kuulinda mji, na yapo mazingira ambamo ukishika moja unaliacha jingine. Anayedai kwamba yote mawili hukubaliana daima hajawahi kuongoza kitu. Muda mfupi kabla ya kufa alimwandikia Vettori kwamba anaipenda nchi yake kuliko roho yake. Kwa Mkristo wa wakati ule hiyo haikuwa lugha ya picha. Roho ilikuwa kitu cha kupotea kweli.

Kitabu chake kingine, kirefu na kinachosomwa na wachache, kinazungumzia Roma ya jamhuri, na humo ndimo anapofika kwenye swali la pili. Waandishi wa kabla yake walilaani ugomvi usiokwisha kati ya makabaila na watu wa kawaida wa Roma: makelele barabarani, maduka kufungwa, watu kuuhama mji kwa hasira. Yeye anasema makelele hayo ndiyo yaliyozaa sheria zilizoilinda Roma huru. Kila mji una matakwa mawili yanayovutana. Wakubwa wanataka kutawala. Watu wa kawaida wanataka tu wasikandamizwe. Kwa hiyo uhuru ukabidhi kwa wale wasiotaka kutawala, maana wao hawana sababu ya kuuiba. Ni hoja ya mtu asiyetegemea wema wa yeyote, kwa kuwa hata watu wa kawaida hakuwasifia kuwa wema. Aliangalia tu wanataka nini.

Lakini huo uhuru wenyewe ni nini hasa? Hapa Kiswahili kinatusaidia. Neno *huru* tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ya msingi ni mtu asiye mtumwa. Pwani ya zamani mtu wa namna hiyo aliitwa muungwana. Leo tukimwita mtu muungwana tunamaanisha mpole, mwenye adabu, anayelipa deni bila kukumbushwa. Zamani lilikuwa neno la hadhi, muungwana huku na mtumwa kule. Kilatini kilipita njia hiyo hiyo. *Liber* ni mtu asiye mtumwa, na *liberalis* ni mwenendo unaomfaa mtu wa namna hiyo. Huko na huku hadhi ikageuka kuwa sifa ya tabia, kana kwamba uhuru na maadili ni kitu kimoja, na nadhani mkanganyiko wetu unaanzia hapo hapo kwenye neno.

Sheria za Kirumi, zilizokusanywa kwa amri ya mfalme Justinian na kutolewa mwaka 533, zinasema bila kupepesa macho kwamba watu wote ama ni huru ama ni watumwa. Mtumwa ni yule aliye chini ya mamlaka ya mwingine. Halisemwi neno juu ya kupigwa. Chukua mtumwa mwenye bwana mpole, anayelishwa vizuri, asiyechapwa mwaka mzima, anayetumwa sokoni peke yake na kurudi na chenji. Kwa sheria ya Kirumi huyo ni mtumwa kama yule wa machimboni. Ukimwangalia kwa makini utaona kwa nini. Kila asubuhi kabla ya kusema neno anausoma uso wa bwana wake. Anacheka bwana akicheka. Hajapigwa, ila hakuna siku anayosahau kwamba anaweza kupigwa.

Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, aliikataa hoja hii kwa nguvu zote, na si kwa upuuzi. Mwaka 1640, Uingereza ikielekea kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikimbilia Paris akakaa miaka 11. Alipokuwa huko, mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa, Januari 30, 1649. Miaka miwili baadaye Hobbes alitoa kitabu chake kikubwa, na ndani yake akaitaja Lucca, jamhuri ndogo ya Italia. Juu ya minara ya Lucca, anasema, limeandikwa neno UHURU kwa herufi kubwa. Lakini mtu wa Lucca analipa kodi na kutii sheria sawa na mtu wa Constantinople anayetawaliwa na sultani. Uhuru ni kutokuwepo kizuizi: pale sheria iliponyamaza, fanya utakalo. Kama sultani ananyamaza zaidi kuliko baraza la Lucca, basi mtu wa sultani ana uhuru zaidi. Nani anatawala si swali la uhuru hata kidogo.

Jibu lilitoka mwaka 1656 kwa Mwingereza mwenzake, James Harrington, na sijasoma jibu kali kuliko hilo katika mjadala huu. Hata pasha, yaani ofisa wa sultani, aliye mkubwa kuliko wote wa Constantinople, alisema, kichwa chake mwenyewe anakikalia kama mpangaji, kwa ridhaa ya bwana wake. Mtu wa Lucca, hata akiwa maskini wa mwisho, kichwa chake na shamba lake ni mali yake, na kinachoweza kumgusa ni sheria ambayo yeye na wenzake wameiweka. Pasha ana dhahabu, farasi na wake. Anaishi kwenye kichwa cha kupanga.

Hobbes alikuwa na jambo moja sahihi, nalo tusilipuuze: serikali zinazoimba uhuru zinaweza kukubana kuliko zisizoimba. Wapo wanaopenda kusema serikali ni *siri kali*. Hobbes angecheka nao. Lakini alipima uhuru kwa yale unayoachiwa leo, Harrington akaupima kwa yule mwenye uwezo wa kukunyang'anya kesho.

Wasomaji wa Kiswahili wana mlango wao wa kuingilia mjadala huu. Mwaka 1963 ilichapwa tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Moyo wa tamthilia hiyo ni Brutus peke yake usiku, akikiri kwamba Kaizari hajamkosea na hajamwona akiacha hasira zizidi busara, na bado anaamua afe, si kwa alilofanya bali kwa analoweza kufanya akivikwa taji. Unaweza kumwona Brutus muuaji aliyejidanganya. Unaweza pia kuona kwamba ameuliza swali la pili bila kulichanganya na la kwanza. Mtafsiri alikuwa rais wa jamhuri changa, na baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta.

Mpaka hapa hatari imekuwa mtawala mjanja au mkatili. Lakini Ulaya ilikuwa na hatari nyingine, na kwangu ni kubwa zaidi: mtawala mwadilifu. Agosti 1553 daktari Mhispania Michael Servetus, mmoja wa watu wa kwanza wa Ulaya kueleza kwamba damu hupita mapafuni, aliingia Geneva akiwa mkimbizi. Alikuwa ameandika kupinga fundisho la Utatu. Akatambuliwa kanisani, akashtakiwa, na Oktoba 27 akachomwa moto akiwa hai. John Calvin, kiongozi wa kiroho wa mji, aliomba akatwe kichwa badala ya kuchomwa. Huo ndio ulikuwa upeo wa huruma iliyokuwapo. Geneva haikuwa mji wa mafisadi. Ulikuwa mji uliojitahidi kuliko miji mingi kuishi maisha matakatifu, na Servetus alichomwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kule Basel, mwalimu aitwaye Sebastian Castellio, aliyewahi kuongoza shule Geneva kabla ya kutofautiana na Calvin, aliandika jibu lenye sentensi ambayo haijazeeka: "Kumuua mtu si kulinda fundisho, ni kumuua mtu." Halikuchapwa mpaka mwaka 1612, yeye akiwa ameshafariki karibu miaka 50. Castellio hakutetea mafundisho ya Servetus. Alisema tu kwamba ukishayaondoa maneno yote mazuri, kilichobaki kwenye kuni ni maiti.

Sasa linganisha na London ya mwaka 1679. Mfalme alikuwa Charles wa Pili, mtu aliyejulikana kwa vimada vyake kuliko kwa sala zake. Katika utawala wake Bunge lilipitisha sheria iliyotia meno haki ya zamani: aliyekamatwa, au mtu wa upande wake, akiomba, mlinzi wa gereza amlete mbele ya jaji aseme amemfunga kwa sababu gani, ndani ya siku tatu kama gereza haliko mbali, na jaji atakayekataa kutoa amri hiyo atozwe pauni 500. Pauni 500 zilikuwa utajiri. Hakuna neno la wema ndani ya sheria hiyo, zimo siku, maili na faini. Machiavelli angekuwa na karatasi hiyo mwaka 1513, kungekuwa na mtu wa kuulizwa kuhusu kamba.

Tusikimbilie kuwapigia makofi. John Locke, anayeitwa baba wa fikra za uhuru, alikifungua kitabu chake kikuu kuhusu serikali kwa kusema utumwa ni hali duni na ya kusikitisha mno kwa binadamu. Katika miaka ya 1670 alikuwa amenunua hisa za kampuni ya kifalme iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika. John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 utetezi mzuri sana wa mtu kuachwa aishi apendavyo, na kurasa za mwanzo tu akaeleza kwamba hoja hiyo haiwahusu watu "washenzi", ambao kwao udikteta ni halali mradi uwaboreshe. Alikuwa amefanya kazi miaka 35 katika kampuni iliyotawala India. Huyo ni bwana mpole tena, safari hii kwa kipimo cha bara zima. Na sisi tulimwona kwa macho. Ujerumani ya miaka ya 1890 ilijivunia mahakama zake; katika koloni lake la Afrika Mashariki, amri ya Chansela ya mwaka 1896 ilimruhusu ofisa wa utawala kuamuru Mwafrika achapwe viboko hadi 25 kwa mkupuo. Wahindi na Waarabu sheria iliwakinga, Mwafrika haikumkinga. Wazee waliiita adhabu hiyo hamsa ishirini. Harrington aliuliza kichwa ni cha nani. Koloni liliuliza kwanza ni kichwa cha rangi gani.

Anayenipendeza kuliko wote katika hadithi hii, na anayenisumbua kuliko wote, ni Frederick wa Pili, mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani. Mwaka 1740, akiwa bado mwana wa mfalme, alikuwa amemaliza kitabu cha kumpinga Machiavelli sura kwa sura: mfalme ni mtumishi wa kwanza wa watu wake, uongo na uvamizi ni aibu. Mwandishi Mfaransa Voltaire akakihariri, kikachapwa vuli ya mwaka ule bila jina la mwandishi. Alipokalia kiti Mei 31, ndani ya siku chache aliondoa karibu kabisa mateso katika upelelezi. Desemba 16 akaivamia Silesia, jimbo la Maria Theresa, mtawala wa Austria, bila hata kutangaza vita. Voltaire mwenyewe baadaye alitania kwamba Machiavelli angemshauri kwanza aandike kitabu cha kumpinga Machiavelli.

Lakini kisa kinachonigusa kilitokea akiwa mzee. Mtu aitwaye Christian Arnold alikuwa na kinu cha kusagia nafaka kando ya mto kijijini Pommerzig, ambacho leo kiko Poland. Akaacha kulipa pango kwa kabaila wake, akidai kabaila mwingine upande wa juu amechimba mabwawa ya samaki na maji hayafiki tena. Mahakama zikasema mabwawa si hoja, lipa. Kinu kikapigwa mnada. Arnold akampelekea mfalme malalamiko, na Frederick, aliyeamini kwamba majaji huwapendelea wakubwa, akawaka. Desemba 1779 aliwaita Berlin chansela mkuu wa sheria na majaji watatu, akawapokea akiugua jongo kitini, akawafokea kwamba mahakama inayodhulumu ni hatari kuliko genge la wezi. Chansela akafukuzwa pale pale, majaji wakapelekwa jela. Waziri Zedlitz aliagizwa awahukumu. Alisoma jalada, hakuona kosa, akakataa kutia saini. Mfalme akatoa hukumu mwenyewe.

Wakulima walifurika Berlin na maombi yao mkononi: hatimaye mfalme wa wanyonge. Magari ya farasi ya watu wakubwa yalipanga foleni nje ya nyumba ya chansela aliyefukuzwa kumpa pole. Ulaya nzima ilimsifu Frederick. Na nia yake ilikuwa njema, sina shaka. Alisimama na maskini dhidi ya matajiri, jambo ambalo kila mmoja wetu analiota. Shida ni kwamba mfalme mwingine baada yake akaliangalia upya jalada, majaji wakaonekana hawakuwa na hatia, na maji hayakuwa yamepungua kama Arnold alivyodai. Mnyonge alikuwa amekosea, na majaji walifungwa kwa kufuata sheria.

Wajerumani wanayo pia hadithi ya mwenye kinu mwingine, wa Sanssouci. Mfalme anakerwa na kelele za kinu jirani na kasri lake, anatishia kukichukua, na mwenye kinu anamjibu kwamba Berlin kuna mahakama. Mfalme anacheka na kunyamaza. Watoto hufundishwa hadithi hiyo. Haikutokea. Ya Arnold ilitokea.

Wanasheria wa Prussia walielewa. Katika kanuni mpya ya sheria iliyotangazwa mwaka 1791 waliweka kifungu kinachosema kwamba amri ya mfalme inayoingilia kesi haimpi mtu haki wala haimtwishi wajibu. Kwa maneno mengine, hata ukiwa na huruma, bwana, kaa kando. Mwanafikra Mfaransa Montesquieu alikuwa amewaandalia msingi tangu 1748 aliposema madaraka yazuiwe na madaraka. Lakini Mapinduzi ya Ufaransa yaliwatia hofu watu wa ikulu, kanuni ikasimamishwa, na ilipoanza kutumika Juni 1, 1794, kifungu kile kilikuwa kimefutwa.

Siku tisa baadaye, Juni 10, Paris ikapitisha sheria yake. Maximilien Robespierre, kiongozi wa mapinduzi, alikuwa mwanasheria asiyekula rushwa hata kidogo. Watu walimwita Asiyenunulika. Mwaka 1791 aliliomba Bunge lifute adhabu ya kifo. Februari 1794 alilieleza Bunge jipya kwamba wema bila kitisho hauna nguvu, na kitisho bila wema ni maangamizi. Sasa sheria ya Juni, aliyoipigania, iliondoa mawakili wa utetezi katika mahakama ya mapinduzi: mzalendo aliyesingiziwa atatetewa na wazee wa baraza wazalendo, mla njama hana haki ya wakili. Adhabu ikabaki moja, kifo. Katika wiki saba zilizofuata watu zaidi ya 1,300 walikatwa vichwa mjini humo.

Julai 27 wenzake walimgeuka, wakamtangaza yuko nje ya sheria. Mtu aliye nje ya sheria hasomewi mashtaka wala haulizwi swali. Kesho yake alifikishwa mbele ya mahakama ile ile, taya limevunjwa na risasi, limefungwa kitambaa, hawezi kutamka neno. Kazi pekee ya mahakama ilikuwa kupata watu wa kuthibitisha kwamba huyu ndiye Robespierre. Wakathibitisha. Jioni hiyo hiyo akapandishwa mkokoteni.